Kabla ya kupulizia kiraka ukutani, zunguka kwanza nyuma ya nyumba

Ijumaa jioni, mwezi wa saba, Mbinga mjini. Baridi imeshashuka kutoka milimani, milango imefungwa, na jiko la mkaa limeingizwa sebuleni ili watoto wapate joto. Jumapili mtoto wa pili anapata kipaimara. Kesho mchana wageni wa upande wa mama watapanda kutoka Mbamba Bay na Liuli. Mchele upo, kuku wapo, vitambaa vya makochi vimefuliwa. Kinachomnyima mama usingizi ni kiraka.

Kiraka chenyewe kipo kwenye ukuta wa nyuma, kimo cha goti, ukubwa wa sinia la chai. Mwaka jana lipu ilibanduka pale. Fundi akaitwa, akaziba kwa saruji, rangi ikapakwa, akalipwa. Lakini ukuta mzima una chengachenga ndogo ndogo kama ganda la chungwa, na pale palipozibwa ni laini kama sahani. Taa ikiwashwa, jicho la mgeni linakwenda palepale. Na sasa rangi ya juu yake imeanza kuvimba.

Kijana mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, amerudi na suluhisho ndani ya begi: kopo la kupulizia linalotoa chengachenga za kufanana na ukuta.

"Mama, dakika tano tu," anasema huku akilitikisa. "Napuliza, linakauka, kesho tunapaka rangi. Hakuna atakayejua."

Jirani, mzee ambaye ni fundi mwashi, ameleta viti vya kuazima. Anasimama mlangoni na kulitazama kopo, kisha jiko, kisha mtoto mdogo anayetambaa sakafuni.

"Mwanangu," anasema, "kwanza toa hilo jiko. Halafu njoo tuzunguke nyuma ya nyumba."

Nyumba hii ni ya mfano, lakini mambo yake yapo katika nyumba nyingi. Kiangazi, baada ya kahawa kuuzwa, ndicho kipindi ambacho familia nyingi za Mbinga hugusa nyumba zao: kuchoma tofali, kupiga lipu, kupaka rangi, kubadilisha bati. Fedha ikipatikana, kila mtu anataka nyumba ipendeze haraka. Haraka hiyo inaweza kuifanya familia ilipie kiraka kilekile kila mwaka, na inaweza pia kuleta moto sebuleni.

Kopo hili ni kitu gani

Wazo la kopo la kupulizia si geni. Erik Rotheim wa Norway alilibuni katika miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani walitengeneza makopo ya dawa ya mbu ili kuwakinga askari wao na malaria, na kila mzazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa anayajua makopo ya namna hiyo. Mwaka 1949 Edward Seymour wa Marekani akatia rangi ndani ya kopo. Hiyo ndiyo asili ya makopo ya rangi ambayo mafundi wa pikipiki hutumia leo.

Kopo la chengachenga lilifuata njia hiyohiyo. Marekani nyumba nyingi zina kuta za mbao za jipsamu, na kuta hizo hupuliziwa tope jepesi ili zipate mikwaruzo na vinundu vinavyoficha maungio. Ukuta wa namna hiyo ukitobolewa, kiraka hubaki laini na kuonekana. Ndipo watengenezaji wakaingiza tope hilo ndani ya kopo pamoja na gesi ya kusukuma. Mdomo wa kopo huwa na mirija au matundu ya ukubwa tofauti: tundu dogo hutoa chenga ndogo, tundu kubwa hutoa matone manene.

Kwa hiyo mzazi aelewe mambo mawili kabla ya kununua. Kwanza, kopo moja ni la kiraka, si la chumba; tope lake hufunika sehemu ndogo tu ya ukuta. Pili, halizibi tundu, haliungi ufa wala halikaushi unyevu. Kazi yake ni kutoa sura. Kama chini ya sura hiyo kuna ugonjwa, ugonjwa utabaki palepale.

Jiko la mkaa na baridi ya Mbinga

Zamani makopo mengi yalisukumwa na gesi ambazo haziwaki. Baadaye iligundulika kuwa gesi hizo zinaharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Makopo mengi ya leo husukumwa na gesi nyingine, kama propani na butani, ambazo ni ndugu wa gesi ya kupikia. Zinawaka.

Tena ni nzito kuliko hewa. Mtu akipuliza ndani ya chumba kilichofungwa, gesi hushuka na kutandaa chini. Na chini ndipo jiko la mkaa lilipo, ndipo mshumaa au koroboi huwekwa umeme ukikatika, na ndipo mtoto anayetambaa anapovutia pumzi. Fundi wa mfano wetu hakuanza na ukuta kwa sababu alijua jiko lile lingeweza kuwasha hewa ya chumba kizima.

Jiko hilo lina hatari yake hata bila kopo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Familia inayotaka kuota moto ifungue dirisha, na jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Baridi huleta mtego mwingine. Kopo likiwa baridi, msukumo wake hupungua, na badala ya chenga ndogo linatema mabonge. Mtu wa Mbinga asubuhi ya mwezi wa saba atashawishika kulisogeza karibu na jiko lipate joto. Asithubutu. Kopo lililojaa gesi likipata joto kali hupasuka, na kipande cha bati kinachoruka hakichagui uso wa nani. Njia salama ni kuliacha ndani ya chumba chenye joto la kawaida, au kulisimamisha kwa dakika chache ndani ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wa mama ungeyakubali kumwogeshea mtoto mchanga.

Mwambaoni mambo hugeuka. Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na jua la Mbamba Bay si jua la Mbinga. Makopo mengi huandikwa yasikae kwenye joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi. Joto hilo hufikiwa kirahisi ndani ya gari lililofungwa juani. Kopo lisiachwe kwenye gari, juu ya bati wala kwenye dirisha linalopigwa na jua. Na ndugu anayekuja kwa ndege kupitia Songea asilifiche kwenye begi: makopo ya rangi na tope yenye gesi inayowaka hayaruhusiwi ndani ya ndege.

Maji yaliyokuwa nyuma ya ukuta

Turudi kwa fundi na kijana. Wamezunguka nyuma ya nyumba na tochi ya simu. Sehemu inayolingana na kile kiraka kuna jiwe la kufulia. Pembeni yake kuna beseni la vyombo. Ardhi imelowa, ina utelezi, na maji yamesimama yakigusa msingi. Mvua ilikatika tangu mwezi wa tano, lakini ukuta huu haujawahi kuona kiangazi. Kila siku unanyweshwa maji ya sabuni.

"Mama," fundi anasema akirudi ndani, "huu ukuta unakunywa. Ukipuliza leo, Krismasi utaniita tena."

Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo sana. Likigusa maji kwa chini, huyavuta kwenda juu, kama kipande cha mkate kinavyovuta chai. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuacha unga mweupe wa chumvi zilizokuwa ndani ya tofali na saruji. Chumvi hizo huisukuma lipu na rangi. Ndiyo maana rangi huvimba, hubanduka, na lipu hulia kama debe tupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole.

Wamatengo wanajua maji ya mlimani kuliko watu wengi. Ngolo, yale mashimo ya kilimo yanayopangwa kama masega kwenye miteremko, yamefanya kazi kwa vizazi vingi: yanazuia maji yasikimbie na udongo. Shamba linataka maji yakae. Nyumba inataka yaondoke. Nyumba nyingi za Mbinga hujengwa kwa kukata mteremko, na udongo uliokatwa hubaki umeegemea ukuta wa nyuma. Maji ya mlima yakishuka hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya tofali. Mtaro wa kuyazungusha maji hayo, hata wa kuchimbwa kwa jembe, unaweza kuuokoa ukuta kuliko ndoo nyingi za rangi.

Mzazi anaweza kupima mwenyewe bila kumlipa mtu. Achukue kipande cha nailoni kisicho na tundu, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, akibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote 4, akiache siku nzima. Akikibandua na kukuta umande upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Umande ukiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba: mvuke wa kupikia, nguo zinazoanikwa ndani, madirisha yasiyofunguliwa.

Kwa nini jambo hili liandikwe kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu ya kifua cha mtoto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likieleza kuwa wanaoishi humo hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Mtoto anayekohoa usiku wote katika chumba kimoja na kupona akilala kwa bibi yake anastahili kupelekwa kwa daktari. Lakini ukuta anaolala karibu nao ukaguliwe pia.

Ufa nao una lugha yake

Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta ni wa kweli, ila mafundi wazuri huongeza neno: ujue kwanza ufa unakwenda wapi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka kwa kukosa kumwagiwa maji. Huo huzibwa na kusahauliwa. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye maungio ya tofali, au ulio mpana juu na mwembamba chini, au unaoingiza ncha ya kidole, unaweza kuwa unasema msingi umeshuka.

Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe kando yake, kisha subiri. Ukipita masika na ufa ukabaki kwenye alama zake, umetulia. Ukivuka alama, hakuna kopo wala puti itakayouzuia. Aitwe fundi mwashi mwenye uzoefu au mhandisi wa halmashauri kabla fedha haijapotea kwenye rangi.

Hata dari hufuata kanuni hiyo. Doa la kahawia kwenye dari ni barua kutoka kwenye bati: msumari uliolegea, bati lililotoboka, au maji yanayorudi nyuma kwenye kona. Apande mtu juu kwanza. Dari ipuliziwe baada ya mvua moja kupita bila doa kurudi. Na kama jengo ni la zamani lenye bati au dari za asbesto, zisikwanguliwe, zisipigwe msasa, zisitobolewe. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Kiraka cha mkono

Fedha ya kopo la kutoka mbali si lazima itumike. Kuta nyingi za Mbinga na Nyasa zilipata sura zao kwa mkono wa mtu, na mkono unaweza kuzirudisha. Mwambaoni wapo akina mama wanaokandika nyumba ya udongo kwa kiganja hadi alama za vidole zikakaa kwa mpangilio. Ukimpa mama wa namna hiyo ukuta wenye kiraka, swali lake la kwanza litakuwa udongo ulichimbwa wapi. Hilo ndilo swali sahihi hata kwa saruji.

Mchanga ndio unaobeba sura ya lipu. Mchanga wa ziwani si sawa na wa mtoni, na uliochekechwa si sawa na uliochotwa tu. Kiraka kilichopigwa kwa mchanga mwingine kitajionyesha hata kikipakwa rangi mara 3. Mchanga utafutwe palepale ulipotoka wa kwanza, kama inawezekana. Kuupima usafi wake, jaza nusu ya chupa ya maji ya dukani, ongeza maji, tikisa, acha itulie hadi kesho. Tabaka nene la tope laini likikaa juu ya mchanga, mchanga huo ni mchafu na lipu yake haitashika vizuri.

Kazi yenyewe huenda hivi. Lipu iliyolegea ing'olewe yote kwa tindo hadi kwenye lipu nzima inayoshika. Vumbi lisafishwe na tofali lilowanishwe kidogo, maana tofali kavu hunyonya maji ya saruji na kuiacha bila nguvu. Mchanganyiko wa lipu ya kawaida ni kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo 4 hadi 6 vya mchanga. Kiraka kiachwe chini kidogo ya uso wa ukuta ili sura ipate nafasi ya kukaa juu yake. Kisha kimwagiliwe maji kwa siku 7, na rangi isubiri. Wiki 4 si nyingi kwa lipu mpya.

Sura huwekwa mwishoni, na hapa kuna njia kadhaa. Ukuta wenye chengachenga nyembamba unaweza kufuatwa kwa kuchovya brashi ngumu kwenye tope jepesi la saruji na mchanga laini, kisha kuigonga kwenye kijiti ili matone yaruke. Kwa kiraka kidogo, mswaki wa zamani unatosha. Ukuta wenye vishimo hufuatwa kwa kugusagusa kipande cha sponji ya godoro kikiwa na maji. Lipu ya nje ya kurusha, ile inayokwaruza mkono, hurushwa kwa mwiko au kwa fagio la njiti. Matone yakitakiwa yawe bapa, subiri yaanze kukauka, kisha pitisha mwiko juu yake kwa wepesi.

Yote hayo yajaribiwe kwanza kwenye ubao au kipande cha boksi. Kisimamishe kando ya ukuta, rudi nyuma hatua 5, washa taa. Jicho litakuambia kama chenga ni kubwa mno au chache mno. Kurekebisha boksi ni bure.

Ukiamua kutumia kopo

Familia iliyokwisha kuwa na kopo, na ukuta wake umekauka, inaweza kulitumia vizuri. Watoto na wajawazito watoke chumbani. Jiko, mshumaa, koroboi na sigara vitoke, na jiko la gesi la chumba cha pili lizimwe. Madirisha na milango vifunguliwe kabla, na vibaki wazi hadi harufu iishe kabisa. Anayepuliza avae barakoa na miwani, maana dari hurudisha matone usoni. Tope likiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa, kisha aende kituo cha afya.

Maelezo ya kopo yasomwe yote, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Litikiswe dakika nzima au zaidi. Anza na tundu dogo na umbali mkubwa, kwenye boksi kwanza. Puliza kidogo kidogo, mkono ukitembea. Ukisimama sehemu moja utapata bonge. Ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza. Chenga zivuke ukingo wa kiraka na kupungua taratibu kuelekea ukuta wa zamani, zisikatike ghafla kama mpaka wa shamba. Ukikosea, kwangua mapema kabla haijakauka.

Kisha rangi. Kiraka kipya hunyonya rangi kuliko ukuta wa zamani, kwa hiyo kinahitaji rangi ya kwanza ya kukizibia vitundu. Baada ya hapo pakwe ukuta mzima, kutoka kona hadi kona. Rangi ya zamani imeshapauka kwa moshi na jua, na rangi mpya ya kopo lilelile haitafanana nayo. Kiraka kilichooanishwa vizuri mara nyingi huumbuliwa na mtu aliyepaka pale tu palipozibwa.

Vumbi la zamani, kopo tupu

Kazi ya kukwangua na kupiga msasa ina hatari isiyoonekana. Rangi za mafuta, hasa za zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la AGENDA la Dar es Salaam lilipopima rangi za mafuta za majumbani zinazouzwa nchini, lilikuta baadhi zina risasi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaathiri ubongo unaokua. Kwa hiyo ukuta ulowanishwe kabla ya kupigwa msasa, watoto wakae mbali, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na vyombo vya chakula vifunikwe. Ukinunua rangi mpya, muulize muuzaji rangi isiyo na risasi na utafute alama ya TBS.

Kopo likiisha, kazi ya mzazi haijaisha. Kopo linaloitwa tupu bado lina gesi. Nyumbani taka huchomwa shimoni nyuma ya nyumba, na mara nyingi anayetumwa kuchoma ni mtoto. Kopo ndani ya moto ule hupasuka kwa kishindo na kurusha bati na makaa. Lisichomwe, lisitobolewe kwa msumari, lisigeuzwe mwanasesere wala gari la kuchezea. Malizia gesi yake nje, mahali penye upepo na mbali na moto, kisha litengwe na taka za kuchoma na kukabidhiwa kwa wazoa taka wakiambiwa ni nini. Hilo ni kwa makopo yote: ya rangi, ya mbu, ya manukato.

Wazazi wenye vijana wanaobalehe wana sababu moja zaidi ya kulifungia kabatini. Wapo vijana wanaovuta gesi za makopo kutafuta ulevi. Moyo unaweza kusimama hata kwa mara ya kwanza. Na familia nzima ikariri namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: 114.

Jumapili ya kipaimara

Katika nyumba ile ya mfano, kopo lilirudi kwenye begi. Jumamosi alfajiri kijana alihamisha jiwe la kufulia hadi kwenye migomba, ambako maji ya sabuni hayatamsumbua mtu. Akachimba mtaro mfupi wa kuyaondoa yaliyosimama. Fundi alikataa malipo. Akasema atakula Jumapili.

Mama alisogeza kochi mbele ya kiraka. Bibi wa Liuli alipofika, aliketi palepale, akageuka, akakiona. Akapitisha kiganja juu ya rangi iliyovimba, akanusa vidole vyake.

"Mwanangu, huu ukuta una maji," alimwambia mama.

"Ndiyo, mama. Tumeshajua yanakotoka. Tunausubiri ukauke."

"Basi ni vizuri," bibi alisema, akamwita mjukuu wake wa kipaimara aje aketi karibu. Usiku ule mtoto huyo alihamishiwa kulala chumba cha mbele, mbali na ukuta wa nyuma, hadi nailoni itakapobanduliwa bila umande.